Eti Doha Hakuna Baridi



Tunaanza na kosa letu wenyewe. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, na sisi tusingependa kuandika ukurasa mzima juu ya makundule ya wengine huku letu tumelikalia.

Msimu mmoja wa kambi, jumuiya yetu ya watu wa Afrika Mashariki hapa Doha ilikodi karavani mbili, zile nyumba za magurudumu zenye vitanda, jiko, choo na tangi la maji chini ya sakafu. Tukafunga safari kuelekea kusini, tukaipita Mesaieed, tukafika kwenye machuga ya mchanga ya Sealine. Watoto walifurahi. Wazee walicheza bao. Pilau lilikuwa pilau kweli, la nyama ya mbuzi na bizari iliyokaangwa, na aliyelipika alikuwa dada mmoja wa kutoka Tanga ambaye tulimlipa kwa siku mbili. Tulimchukua kwa sababu mkono wake unajulikana mji mzima, na tuseme ukweli, kwa sababu wake zetu walikuwa wamechoka kupika kila tunapotoka na walitaka nao wapumzike.

Maji ya tangi yaliisha saa tatu usiku. Watu ishirini na kitu walikuwa wameoga, wamenawa, wametawadha, watoto wamechezea bomba. Vyombo vilikuwa bado. Dada yule akakaa nje kwenye upepo, akavua viatu, akaosha masufuria kwa maji ya dumu yaliyokuwa yamelala juu ya mchanga tangu magharibi. Mikono ya gauni lake ililowa mpaka juu ya viwiko. Alipomaliza ilikuwa karibu saa sita. Sisi tulikuwa ndani, taa zimezimwa, kipasha joto kinanguruma. Yeye alikuwa amepangiwa hema la jiko, pamoja na magunia ya mkaa, na mkeka wake ulitandikwa juu ya mchanga mtupu.

Alfajiri aliposhindwa kushika birika tulimcheka kidogo. Tukasema, "Dada, hujazoea baridi wewe, Tanga kuna joto." Hakucheka. Kichwa kilikuwa kikimgonga na alitapika mara mbili. Ndipo tulipogundua kwamba usiku, kwa kutetemeka, alikuwa ameingiza jiko la mkaa ndani ya hema na kufunga mlango. Tukamkimbiza kliniki. Alipona, alhamdulillahi. Njiani kurudi alituambia neno ambalo hatujaweza kulisahau: "Wanangu, baridi siiogopi. Ninachoogopa ni kulowa halafu nisiwe na pa kukaukia."

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza ni wangapi waliolowa mwaka huo na hawakuwa na pa kukaukia. Na tumefikia uamuzi wa kusema hadharani kwamba sentensi inayotembea midomoni mwetu sote, "Doha hakuna baridi," ni sentensi ya uongo. Tena ni uongo unaoumiza watu, na wanaoumizwa zaidi ni watu wetu.

Hebu tuutazame uongo huo mmoja mmoja.

Mjini, Januari, usiku wa kawaida hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Hiyo ni baridi ya kuvaa fulana nzito, si zaidi. Lakini kambi hazipigwi Souq Waqif. Zinapigwa jangwani, mahali ambapo mchanga unapoteza joto mara jua linapotua, hakuna ukuta, hakuna mti, hakuna wingu la kulizuia joto lisipae. Tarehe 5 Februari 2017, huko Abu Samra, mpakani na Saudia, kipimo cha idara ya hali ya hewa kilisoma nyuzi 1.5. Ni chini ya kiwango chochote kilichowahi kuandikwa katika nchi hii. Nyuzi 1.5, ndugu zangu! Watu wa Kinangop na wa Makete wanaijua hali hiyo, maana wao huamka wakakuta umande umeganda juu ya majani. Lakini mtu wa Makete ana nyumba, ana blanketi, ana moto wenye bomba la moshi. Dada wa kambini ana turubai.

Juu ya hayo uje upepo. Kwetu pwani miezi hii ni miezi ya kaskazi, upepo unaotoka kaskazini-mashariki ukiwa na joto, majahazi zamani yakiufuata kuja Zanzibar na Mombasa. Hapa miezi hiyo hiyo inavuma shemali kutoka kaskazini-magharibi, mkavu na mkali. Mtu anayepiga simu nyumbani na kusema anaona baridi anajibiwa, "Baridi gani Uarabuni? Si jangwa hilo?" Naye kwa aibu hunyamaza. Sisi wenyewe tumewajibu hivyo wadogo zetu.

Na uongo wa pili uliofichwa ndani ya huo wa kwanza ni kwamba baridi huua tu pale maji yanapoganda. La hasha. Mwili wa binadamu ukishuka chini ya nyuzi 35 tayari uko hatarini, na hauhitaji barafu ili ufike huko. Maji huchukua joto la mwili kwa haraka mara 25 hivi kuliko hewa. Ndiyo maana mtu aliyelowa, akipigwa na upepo, anaweza kudhurika katika hali ya hewa ambayo mtu mkavu anaiita ya kupendeza. Dada yetu hakuwa amesoma hayo katika kitabu. Aliyajua kwa mikono yake. Kulowa, halafu kukosa pa kukaukia.

Sasa tulinganishe baridi na mwenzake, joto. Joto la Qatar limesikika dunia nzima. Kombe la Dunia la mwaka 2022 lilihamishwa kutoka Juni na Julai, likachezwa Novemba na Desemba, jambo ambalo halikuwa limetokea kabla katika historia ya mashindano hayo, na sababu ilikuwa joto. Mwaka 2021 ilitolewa amri ya wizara kwamba kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15 kazi za nje zisimame kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, na kwamba kipimo kinachochanganya joto, unyevu, jua na upepo kikizidi nyuzi 32.1 kazi isimame saa yoyote. Tunaishukuru amri hiyo. Ilipatikana kwa sababu watu walilalamika, wakapima, wakaandika, wakahesabu wagonjwa na wafu. Joto lina saa zake, lina tarehe zake, lina namba yake.

Baridi imeachiwa huruma ya mwenye kambi. Akiwa na huruma, mpishi wake atalala mahali pa joto. Akiwa hana, au kama sisi tulivyokuwa, akiwa amesahau tu, mpishi atalala na magunia ya mkaa.

Wapo watakaosema tunakuza mambo. Hao tunawapeleka Texas. Texas nayo ni nchi ya joto, na watu wake nao walizoea kusema kwamba baridi ni habari ya wenzao wa kaskazini. Februari 2021 baridi iliingia, umeme ukakatika katika nyumba zaidi ya milioni 4, mabomba yakapasuka ndani ya kuta, na jimbo lenyewe likahesabu watu 246 waliokufa. Karibu theluthi mbili yao waliuawa na baridi moja kwa moja, na wengine waliuawa na moshi usioonekana wa jenereta, magari na mikaa waliyowasha ndani ili wapate joto. Hawakufa kwa sababu Texas ni baridi kuliko Alaska. Walikufa kwa sababu nyumba zao, mitambo yao na akili zao vilijengwa juu ya sentensi ile ile: kwetu hakuna baridi.

Ndugu zetu walioko Minnesota na Kanada hawana anasa ya kujidanganya. Wanajua kwamba maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na kwamba bomba linaweza kupasuka kwa hilo. Kwa hiyo mwenye karavani kule, kabla ya majira ya baridi, humwaga maji yote ya tangi, hufungua kila mfereji, hupitisha dawa ya waridi isiyoganda katika mabomba, na akilazimika kusafiri na maji wakati wa theluji hulifunika tangi na kulipasha joto usiku kucha. Maji yanatunzwa kama mtoto mchanga. Na kwa nini? Kwa sababu yakipuuzwa yatapasua bomba, na bomba ni pesa.

Hapa Doha bomba halipasuki, na tumeona kwamba huo ndio msiba wenyewe. Kule baridi ikipuuzwa, mwenye mali anapata hasara, na mwenye mali akipata hasara utaratibu hupatikana. Hapa mali haidhuriki hata kidogo. Tangi linaamka zima, pampu inaamka nzima, karavani inarudi kwa mwenyewe bila mkwaruzo. Anayedhurika ni yule aliyeyatia mikono maji hayo usiku, na yeye hana bei katika risiti ya kukodi.

Tuseme basi juu ya hayo maji. Nchi hii haina mto hata mmoja. Maji tunayokunywa Doha karibu yote ni maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi kwa mitambo, na serikali inajua thamani yake kiasi kwamba mwaka 2018 ilizindua mahodhi makubwa mno ili nchi iwe na akiba ya siku kadhaa endapo mitambo itasimama. Taifa zima linahesabu maji yake. Je, kambini nani anahesabu? Tangi la lita 200 ni kilo 200. Boza likikosekana, au likikataa kuingia mchangani, kilo hizo husafiri kwa madumu ya lita 20, safari kumi kutoka kwenye gari hadi kwenye karavani, na mchangani mguu unazama. Anayebeba ni kijana wa Uganda aliyeajiriwa kuwa dereva, au mlinzi wa Kenya aliyeambiwa anakuja kulinda. Halafu tangi likijaa wa kwanza kuoga ni wageni, wa pili ni watoto, wa tatu ni wenye kambi. Maji ya moto yana mwisho. Aliyeyabeba anapofika, mfereji unatoa maji ya baridi, ama hautoi kitu.

Na si kubeba tu. Karavani nyingi hukaa zimeegeshwa tangu Aprili mpaka Novemba, juani, katika kiangazi cha nyuzi 45, na maji ya mwaka jana yamebaki chini ya tangi. Maji hayo ya uvuguvugu ndiyo makazi ya vijidudu. Utaratibu unaojulikana ni kulimwaga tangi lote, kulijaza maji mapya yaliyotiwa klorini ya kufulia isiyo na manukato, mililita 1 kwa kila lita 1, kuyapitisha katika mifereji yote, kuyaacha kwa saa nne au zaidi, kuyamwaga, kisha kusuuza mpaka harufu iishe. Kazi ya nusu siku. Sisi hatukuifanya, wala hatukumwuliza aliyetukodisha kama aliifanya. Tulileta maji ya chupa kwa ajili yetu, na chai ya wafanyakazi tukaacha ipikwe kwa maji ya tangi. Hatukuwa na nia mbaya. Hatukufikiri tu, na kutofikiri kumeshaua watu wengi kuliko nia mbaya.

Tukija kwenye mkaa, hapo hatutakuwa na maneno ya upole. Jiko la mkaa ndani ya hema lililofungwa, au ndani ya karavani, ni kaburi. Mkaa unapowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, akapata kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi mtamu ambao haamki. Jenereta iliyowekwa karibu na dirisha hufanya vivyo hivyo. Watu wetu wa nyanda za baridi, kuanzia Njombe hadi Nyandarua, wanazijua habari za familia zilizolala na jiko na hazikuamka. Tunazijua, tunazisikitikia, kisha tunakuja huku na kumpa mpishi gunia la mkaa na hema la kufunga zipu, tukamwacha peke yake na baridi. Tulitegemea afanye nini?

Sasa tutaje sheria, kwa kuwa wengi wetu hupenda kusema hakuna sheria. Ipo. Sheria Na. 15 ya mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa majumbani inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi chakula na malazi yanayofaa, amtibu akiugua, na amtendee kwa namna inayohifadhi utu wake. Inasema kazi isizidi saa 10 kwa siku, ila kwa makubaliano, na kwamba kila wiki kuna siku ya mapumziko isiyopungua saa 24 mfululizo. Sheria ya mwaka 2020 ya kima cha chini cha mshahara, iliyoanza kutumika Machi 2021, inamgusa naye pia: riyali 1,000 kwa mwezi, na malazi na chakula ama vitolewe ama vilipiwe.

Tumeisoma sheria hiyo ya 2017 tukitafuta mahali panaposema kwamba nyumba ikiwa na magurudumu haki zinabaki mjini. Hatukupaona. Familia ikihamia jangwani kwa wiki mbili, sheria inahama nayo. Malazi yanayofaa mjini ni chumba. Malazi yanayofaa jangwani, nyuzi 5, hayawezi kuwa mkeka juu ya mchanga. Saa 10 ni saa 10 hata kama saa imetundikwa kwenye mlingoti wa hema. Na Ijumaa ya kambi, ambayo kwa mwenye kambi ni mapumziko na kwa mpishi ni siku ya wageni 30, haiwezi kuhesabiwa kuwa ndiyo siku yake ya kupumzika. Eti na yeye si ameshatolewa matembezi?

Tunajua majibu yatakayokuja, kwa hiyo tuyajibu mapema.

La kwanza: kambi ni mila ya wenyeji, sisi wageni tusiitie ulimi. Hatuitii. Tunaiheshimu, na tunasema kwamba mila hiyo ilipokuwa katika asili yake ilijua baridi kuliko sisi. Mahema ya kale ya mabedui yalifumwa kwa manyoya ya mbuzi, nyuzi ambazo zikilowa hutanuka na kuziba matundu, mvua isipenye. Na maji ya kiriba aliyabeba kila mtu machoni pa wenzake, akanywa kila mtu kwa kipimo. Mgeni alisogezwa karibu na moto. Hakuna mila ya jangwani inayosema aliyekupikia alale mbali na joto. Kuna wenyeji wengi hapa wanaowalaza wafanyakazi wao pazuri kuliko tulivyomlaza dada yetu sisi tuliozaliwa naye pwani moja. Na hilo ndilo linalotuuma.

La pili: wanalipwa, na hakuna aliyewalazimisha. Sawa, analipwa ujira wa kupika. Nani alimlipa ujira wa kulala na baridi? Katika bei tuliyopatana naye hatukutaja hema. Mtu aliyetuma mshahara wake wote Tanga kwa ada ya shule hana nafasi ya kusema, "Siendi mpaka nione ninakolala." Anayeweza kuuliza ni yule asiye na cha kupoteza, yaani sisi tuliokodi.

La tatu, na hili husemwa kwa kunong'ona: tukisema sana tutawaharibia watu kazi. Ndugu zangu, hii ndiyo hoja iliyotumika kila mara. Waliolalamikia joto waliambiwa hivyo hivyo. Leo saa za joto zimeandikwa, na kazi hazikuisha. Kinachowaharibia watu kazi ni kurudi nyumbani na mapafu mabovu, au kurudi ndani ya sanduku huku jumuiya ikizungusha kofia kuchanga pesa za kusafirisha maiti. Kofia hiyo tunaijua. Tumeizungusha kwa sababu nyingi. Tusingoje kuizungusha kwa sababu ya jiko la mkaa.

Tunataka nini basi? Tunaanza na sisi wenyewe, kwani hatuna uso wa kumwambia mwingine kabla hatujajirekebisha.

Tunataka kuanzia msimu ujao pasiwe na safari yoyote ya jumuiya kwenda kambini isipokuwa anayegusa maji amepata kitanda chini ya paa gumu. Kama vitanda havitoshi, wapungue wasafiri, na waanze kupungua vijana wenye nguvu. Tunataka maji ya moto ya mpishi na ya mbeba madumu yatengwe kwanza, kabla mtoto hajafungua mfereji, na glavu za mpira ziwekwe pamoja na sabuni. Vyombo vya usiku vioshwe asubuhi jua likitoka, masufuria hayakimbii. Tunataka tangi lioshwe kwa utaratibu tuliousema, na aliyekodisha aulizwe mbele ya watu. Tunataka mkaa ubaki nje, daima, na kila karavani iwe na kengele ndogo ya kaboni monoksidi, ambayo bei yake haifiki bei ya mbuzi mmoja wa pilau letu. Na tunataka saa za kazi za aliyeajiriwa ziandikwe kabla ya kuondoka Doha, akisha kuzimaliza apumzike, sisi tujipakulie.

Kwa dada na kaka zetu mnaokwenda kambini na familia mnazozitumikia, hatuwezi kuwapangia yanayopangwa na wengine. Lakini tunawasihi. Chukueni nguo kavu za kubadili zilizofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, soksi mbili, kofia ya kuziba masikio. Ukilowa, badilisha kwanza, kazi baadaye. Tandika boksi au godoro chini yako, kwa sababu mchanga unakunyonya joto kuliko hewa. Hema likiwa na jiko la mkaa ndani, toka, hata kama nje kuna upepo. Kichwa kikianza kuuma humo ndani, usisubiri asubuhi, mwamshe mtu na mpige 999. Na mkitaka kumwomba mwenye nyumba mahali pa kulala, ombeni mapema, mkiwa bado Doha, kwa heshima, mkitaja watoto wanaowalea: "Mama, nikiugua nani atawaangalia?" Si haki kwamba mlazimike kulipitisha ombi lenu mlango wa nyuma namna hiyo. Lakini uzima kwanza, na haki tuendelee kuidai.

Kwa balozi zetu hapa Doha tuna ombi moja. Katika mafunzo ya kabla ya kuondoka tuliyopitia wengi wetu tulifundishwa kutumia mashine ya kufulia, tulifundishwa salamu za Kiarabu, tulionywa habari ya jua. Neno baridi halikutajwa. Liongezwe. Nusu saa inatosha: baridi ya jangwa, kulowa, mkaa, na yale sheria ya 2017 inayosema juu ya malazi. Nusu saa tu, Waheshimiwa.

Tunamalizia pale tulipoanzia. Dada yetu yule bado yupo Doha, bado anapika, na harusi zetu bado zinamtegemea. Tulikwenda kumwomba radhi wiki mbili baada ya safari, wanaume wanne na wanawake watatu, na sanduku la tende. Alitukaribisha, akatupikia chai ya tangawizi, akasema yameisha. Kisha akauliza, "Mwakani mnakwenda tena?" Tukasema Inshallah. Akasema naye atakuja, lakini safari hii atalala upande ule wenye kipasha joto, na masufuria tutaosha wenyewe.

Tumekubali. Na wewe msomaji unayepanga kambi yako, kabla hujauliza tangi linachukua lita ngapi, uliza kwanza atakayelijaza atakaukia wapi.